Dafodili Zilizofukizwa Mara Mbili

Cwm Bedwyn, Wales
12 Oktoba 1986

Bibi yangu Loveday,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, na yule jogoo mkorofi yuko nje ya mlango, si ndani. Mimi ni mzima, tena nimezidi uzima. Mwezi mmoja wa ndoa umepita na bado kila asubuhi nikiamka nashangaa kwamba huyu mtu aliyelala hapa, nywele zimemsimama kama brashi, ni wangu kisheria na kikanisa.

Huku wote hawajambo. Mama mkwe wangu, Mama Nansi, anakusalimu sana. Baba mkwe, Mzee Idwal, hana kawaida ya kusalimu watu, lakini jana wakati wa chakula alinivutia kiti nikae. Gethin anasema kwa baba yake hiyo ni hotuba nzima. Nyumba yetu ni ndogo, imeegemea ya wakwe, na madirisha yake yote Gethin ameyatengeneza kwa mikono yake. Nikiosha vyombo naona bonde zima, kondoo wametapakaa kama punje za mchele zilizomwagika. Wakati mwingine nasahau sahani mkononi. Kumbe ndivyo dirisha linavyomchelewesha mtu; naye alikaa kisiwani kwetu miezi mitatu kutengeneza madirisha ya kanisa, kazi ya wiki tatu. Nimemuuliza mara nyingi kama kweli yalihitaji muda wote ule. Anasema mbao zilikuwa ngumu. Masikio yake yanakuwa mekundu.

Bibi, gunia lako lilifika siku ya pili baada ya harusi. Hapakuwa na kadi. Nilitafuta mpaka kwenye mishono. Lakini nilipochungulia ndani nikayaona matunguu ya dafodili zetu, zile Soli za shambani kwako, nikakaa sakafuni nikalia kidogo, kilio kizuri. Nilipotoka kunawa uso, Mama Nansi alikuwa ameshamenya moja na kikaango kiko motoni.

"Vitunguu vya kwenu ni vidogo," akasema.

"Mama, hayo ni maua. Ukiyala tutakuzika Jumapili."

Akaliweka chini kama lingemng'ata. Nikamweleza kwamba Soli ni dafodili yenye shina moja na vichwa vingi, njano yenye kikombe cha rangi ya chungwa, na harufu inayojaza nyumba. Nikamwambia kisiwani kwetu tunaichuma hata Krismasi.

"Hapa ni mlimani, mwanangu," akasema. "Dafodili zetu hazifungui macho kabla ya Aprili."

Na kweli, Bibi, hapa kila tarehe mosi Machi, siku ya Mtakatifu David wao, mtu asiyebandika dafodili kifuani anaonekana kama hajavaa shati. Basi bonde zima hushuka sokoni kuzinunua. Mzee Idwal peke yake anakataa kununua ua. Yeye hubandika liki, lile jani refu la kitunguu, na mahubiri yakiisha huwa ameshalitafuna nusu. Nikasema mbele yao wote kwamba mwaka huu nitavaa dafodili iliyochanua hapa hapa nyuma ya nyumba. Wakacheka mpaka mbwa akabweka. Gethin hakucheka. Aliingia karakanani, akatoka na madirisha ya shule ya zamani iliyobomolewa, na kufikia jioni alikuwa amenitengenezea boksi la mbao lenye kifuniko cha kioo, limeinama kuelekea jua. Nimeyapanda matunguu yako kwenye vyungu na kuyapanga humo. Mwanamke mwingine hupewa pete. Mimi nimepewa pete na boksi la kioo.

Hukuja harusini, Bibi. Ulisema bahari ilikuwa mbaya. Mjomba Jory alivuka bahari hiyo hiyo na alisema ilitulia kama maziwa kwenye bakuli. Sikulaumu. Naomba tu uje utuone. Gethin anauliza kama dirisha lako la jikoni bado linagongagonga upepo ukivuma. Bado yuko tayari kulitengeneza.

Mjukuu wako uliyemlea,
Tegen

*

St Martin's, Visiwa vya Scilly
3 Novemba 1986

Tegen,

Marahaba. Barua yako ilikwama ng'ambo kwa sababu ya ukungu, ndege haikuruka. Na hii yangu sijui itatoka lini, maana leo sioni hata ukuta wa shamba.

Jogoo yuko ndani. Kuna baridi.

Mjomba wako Jory goti linamsumbua lakini bado anapanda ngazi akijua namtazama. Tumeanza kuchuma. Soli za shamba la chini zimetoka vizuri, mashina marefu. Nimefunga mafungu mpaka vidole vimekuwa kijani.

Sasa sikiliza. Matunguu yale niliyafukiza mwenyewe mwezi wa saba, chini ya turubai, majani yakiwa yamekauka, kama tunavyofanya kila mwaka ili yaamke mapema. Wewe umeshika pembe ya lile turubai tangu hujajua kusoma, kwa hiyo unajua. Yamekwisha kufukizwa. Usiyaguse tena kwa moshi.

Pamoja na hayo, Soli si ua la milimani. Linataka hewa ya chumvi na baridi isiyouma. Limezoea hapa. Wapo wengine pia waliozoea hapa.

Unaniomba nije. Nasema hivi: siku Soli litakapochanua huko kwenye mlima wako, nitapanda meli, na nikitoka kwenye meli nitapanda treni, nije nilione kwa macho yangu. Kabla ya hapo nina kazi.

Dirisha la jikoni ni zima.

Nimekutilia ua kwenye bahasha, kama kawaida. Wasalimu wakwe zako wote wawili.

Bibi yako

*

Cwm Bedwyn
27 Novemba 1986

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole kwa vidole. Ua lilifika limelala bapa kama senti lakini bado linanukia. Nimeliweka ndani ya Biblia, na Mama Nansi anasema sasa anasoma Zaburi kwa pua.

Barua yako imefika juzi. Ukungu wako umeniharibia jina, Bibi. Niache nikueleze.

Wiki iliyopita majani yalikuwa yameshatokeza, marefu kama kidole cha mtoto, na mimi nikakumbuka moshi. Nikamwambia Gethin, "Kwetu tunafukiza. Moshi ndio unaoyaamsha." Hakuniuliza mara mbili. Huyu mtu nikimwambia kwamba kwetu tunaimbia matunguu, atavaa tai na kuanza kuimba. Alileta majani makavu na kopo la zamani la rangi, tukawasha, tukaliweka ndani ya boksi, tukafunika kioo. Mwanzoni palipendeza, moshi ukizungukazunguka ndani kama mtu amefukiza ubani. Baadaye ukaanza kutokea kwenye kila mwanya, mzito, mweupe, ukashuka bondeni.

Mzee Idwal alikuwa juu na kondoo. Alivyoona moshi nyuma ya nyumba, alishuka akikimbia na ndoo mbili za maji ya kondoo, na hakungoja maelezo. Alifungua kioo akatumwagia. Vyungu viliogelea. Gethin alikuwa amepiga magoti karibu, naye akaipata sehemu yake.

"Nyumba inaungua," Mzee akasema.

"Baba, tunafukiza maua," Gethin akajibu, maji yakimtiririka kwenye masikio.

Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akalitazama kopo. "Yanaumwa?" akauliza.

Tangu hapo, akipita karibu na boksi, anauliza kama wagonjwa wamelalaje. Hakuwahi kuongea nami maneno mengi hivi.

Halafu ndipo ikaja barua yako. Sasa yamefukizwa mara mbili, na mara ya pili majani yakiwa wazi. Niambie ukweli, nimeyaua? Maana Bibi, ahadi yako nimeisoma kwa sauti, Mama Nansi ameisikia, na nimeibandika juu ya sinki. Ua moja tu, na wewe utakaa kwenye kiti hiki hapa mbele yangu. Silitaki kwa ajili ya Machi peke yake.

Gethin anakusalimu. Anasema amefikiria namna ya kuziba ule mwanya wa dirisha bila hata kutoa fremu.

Wako,
Tegen

*

St Martin's
15 Desemba 1986

Tegen,

Marahaba. Tu wazima. Goti la Jory limepona, sasa ni mgongo.

Unauliza kama umeyaua. Sijui. Hapa kwetu hajawahi kutokea mpumbavu wa kujaribu.

Nimecheka, hilo nakubali. Nimecheka mpaka jogoo akatoka mwenyewe. Huyo Mzee na ndoo zake ni mtu mwenye akili, mpe salamu zangu.

Sikusaidii, maana ahadi ni ahadi na sina sababu ya kujitafutia safari. Nasema tu kwamba mtu mwenye busara angefungua kioo mchana jua likitoka, angefunga kabla halijazama, na kukiwa na baridi ya kugandisha angefunika juu kwa kitu kizito na kikavu. Na maji asingemwaga mengi. Huyo ni mtu mwenye busara, sisemi wewe.

Kasha la maua ya Krismasi limetoka leo. Nimeandika juu yake "Tegen na nyumba yake." Gawa unavyotaka.

Dirisha ni zima, nimeshasema.

Bibi

*

Cwm Bedwyn
21 Januari 1987

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kasha lilifika siku moja kabla ya Krismasi na nyumba ikanukia kama jikoni kwako. Mama Nansi alipeleka mafungu mawili kanisani akayaweka mbele kabisa, halafu akakaa pembeni kusikiliza watu wakiuliza. Gethin alilisoma lile neno "nyumba yake" akasema, "Basi mimi ni nyumba." Nikamwambia kwamba hata nyumba ni mwanzo.

Umesikia baridi iliyotupiga. Theluji ilifika kwenye kizingiti cha dirisha. Mlango wa nyuma haukufunguka, Gethin akatokea dirishani, dirisha lake mwenyewe, akalisifu akiwa nusu nje nusu ndani. Alichimba njia mpaka kwenye boksi. Nilidhani atalifunika kwa magunia. Kumbe Mzee Idwal alishafika, amebeba manyoya ya kondoo ya mwaka jana, yale aliyokuwa anangoja bei ipande, anayatandika juu ya kioo fungu kwa fungu, kama anavyomfunika mwana-kondoo. Nikamwambia, "Baba, hayo ni mali." Akasema, "Wagonjwa hawalali bila blanketi."

Bibi, mimi nimeolewa na mtu mmoja nikapewa watatu.

Vyungu vinaendelea vizuri.

Redioni wamesema theluji imeanguka mpaka visiwani. Gethin amesema wamekosea, haianguki huko. Niambie mko salama. Nakuomba uniandikie haraka, hata mstari mmoja.

Tegen wako

*

St Martin's
5 Februari 1987

Tegen,

Marahaba. Tuko salama. Kuku wako salama. Theluji ilikuja, watoto wakaichezea, ikaondoka.

Jory anakusalimu. Nina kazi nyingi, ndiyo maana naandika fupi.

Bibi

*

Cwm Bedwyn
22 Februari 1987

Bibi,

Shikamoo. Leo nitakuwa na maneno mengi kwa ajili yetu wawili.

Barua yako ilipofika niliitikisa bahasha. Kisha nikaipasua pembeni nikaangalia ndani. Tangu nilipoondoka hujawahi kuniandikia wakati wa kuchuma bila kunitilia ua. Nikamwonyesha Gethin. Alikwenda kwenye simu ya posta akampigia Mjomba Jory. Aliporudi alivua kofia kwanza.

Mjomba anasema shamba la chini lote limekuwa jeusi. La juu pia. Anasema majani yamelala kama yamechemshwa, na kwamba unakwenda kila siku kuyatazama na kikapu mkononi, unarudi nacho kitupu, na umemkataza kuniambia. Kazi nyingi gani hiyo, Bibi?

Lakini nami nilikuandikia kwamba vyungu vinaendelea vizuri. Haikuwa kweli. Ndoo za Mzee ziliozesha vingi, na baridi ikamaliza vingine. Kilibaki chungu kimoja chenye uhai, kile cha kona, kilichokuwa chini ya manyoya mengi zaidi. Niliogopa kukuambia, nikajua utasema, si nilikwambia, Soli si la mlimani. Tumefichana baridi ile ile, wewe huko na mimi huku.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wiki hii shina lilisimama. Ijumaa ngozi ya kichwa ilipasuka. Jana asubuhi niliinua kioo na harufu ikanipiga usoni, Bibi, harufu ya kwako, ya mikono yako ukirudi shambani. Vichwa vitano vimefunguka, vingine vinakuja. Nilipiga kelele mpaka Gethin akatoka na povu la sabuni upande mmoja wa uso. Tulisimama tukilitazama, na povu lake likanipaka nywele, na sikujali hata kidogo. Mama Nansi akaja na aproni, akainama, akanusa, akanusa tena.

"Februari," akasema. "Juu hapa."

"Nilisema, Mama."

"Ulisema." Halafu akafuta macho, akadai ni mafua.

Mpango wangu ulikuwa kulitunza mpaka Jumapili, tarehe mosi, niingie nalo kanisani mbele ya wote waliocheka. Nilikuwa nimeshachagua koti. Usiku wa jana wakati wa kula, Gethin aliweka uma chini.

"Bibi yako ana maua mangapi sasa?" akauliza.

"Hana."

"Basi tumpelekee."

"Ni moja tu, Gethin. Nikilikata sina kitu cha kuvaa. Na sitakuwa na kitu cha kumwonyesha akija."

"Akiliona kwake atakuwa ameliona," akasema. "Sijawahi kumpa mama yule kitu chochote akakipokea. Huenda hiki atakipokea, maana ni chake."

Kwa hiyo leo nimelikata, kwa mshazari kama ulivyonifundisha, na kulifunga kwa gazeti lililoloweshwa. Kasha ni la Gethin, mbao nyembamba, na lina dirisha dogo la kioo juu. Nilimwambia ua halihitaji dirisha. Akasema kila safari inahitaji dirisha.

Jumapili nitakwenda kanisani kifua kitupu. Mzee Idwal amesikia, akanikatia liki nusu.

Huna haja ya kuja kwa sababu ya ahadi. Halijachanua mbele yako. Nakupenda, na nakuomba uache kwenda shambani na kikapu.

Tegen

*

St Martin's
3 Machi 1987

Mjukuu wangu Tegen,

Marahaba, mara nyingi.

Kasha lilifika Jumamosi. Jory alilibeba kwa mikono miwili kutoka kwenye boti, kana kwamba lina yai. Nililiona ua kupitia kile kidirisha kabla sijafungua. Vichwa saba vimefunguka, vingine viwili vilifunguka jikoni kwangu. Shina fupi, rangi kali. Soli la kweli. Limefukizwa na wendawazimu, likamwagiwa maji ya kondoo, na limekuja kunitafuta.

Jumapili nililibandika kifuani nikaenda kanisani. Huku siku ya Mtakatifu David hatuijui, lakini niliikumbuka. Kanisa zima hapakuwa na ua jingine, maana hakuna aliyebaki na kitu. Watu walikuwa wamekaa chini ya madirisha yale mapya, nyuso ndefu, kila mmoja na shamba lake jeusi kichwani. Nilipopita, harufu ikapita nami, wakageuka safu kwa safu. Jory anasema nilitembea polepole. Ni goti tu lililoniuma.

Baada ya ibada walinizunguka. "Loveday, umelitoa wapi?" Nikasema limetoka Wales. Wakasema Wales hakuna Soli. Nikasema lipo, kwa Gethin wangu, mume wa Tegen, fundi aliyetengeneza hayo madirisha mnayoegemea. Mjane anayeendesha posta akasema, "Kumbe mmepatana." Nikamwambia hatujawahi kugombana. Ni kweli. Sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na nyumba, ilivyokuwa kimya ulipoondoka, na nyumba huwezi kuisema ikakusikia. Basi nikamsema yeye.

Matunguu shambani hayajafa. Nimefukua machache, ndani ni meupe na magumu. Mwaka huu tu ndio umekwenda, na mwaka mmoja nitaustahimili. Kikapu nimekirudisha msumarini.

Unaniambia ahadi haipo kwa sababu halikuchanua mbele yangu. Vichwa viwili vilichanua mbele yangu, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ahadi ipo. Meli kubwa ya abiria imelala kwa majira ya baridi mpaka mwisho wa mwezi huu, nitapanda safari yake ya kwanza. Mwambie Mama Nansi asikaange kitu chochote nitakachobeba kwenye gunia. Mwambie Mzee Idwal nataka kuiona hiyo wodi yake ya wagonjwa. Jogoo atakaa kwa Jory, wameelewana.

Bahasha hii haina ua. Ina uzi wenye mafundo mawili. Kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni upana, kutoka fundo la kwanza mpaka la pili ni urefu. Ni wa dirisha la jikoni. Linagonga kila upepo ukivuma, silali. Mpe Gethin.

Bibi yenu,
Loveday